Maisha ya Semei Kakungulu, Mwanafunzi wa Torati



Katika Kwaresima iliyopita, siku tulipokuwa tukisoma habari za Waisraeli kutoka Misri, kijana mmoja wa mtaa wetu hapa Nanganga alisimama akauliza maswali mawili. La kwanza, kama Wayahudi wa leo bado huila Pasaka. La pili, kama wako Waafrika wenzetu wa nchi hizi za jirani waishikao dini hiyo. La kwanza tulilijibu palepale, kwamba naam, huila kila mwaka. La pili tuliahidi kulijibu kwa maandishi, kwa sababu jibu lake ni maisha ya mtu mzima, na maisha ya mtu hayasimuliwi watu wakiwa wamekwisha kushika baiskeli zao kwenda nyumbani.

Mtu huyo ni Semei Kakungulu wa Uganda. Alikuwa jemadari, kisha mtawala, Mwanglikana kama sisi, na mwisho wa yote Myahudi. Waliomfuata katika imani hiyo wapo hata leo karibu na mji wa Mbale, nao huitwa Abayudaya, maana yake kwa Kiganda ni Wayahudi.

Sisi tuliosomea ualimu tuliambiwa chuoni tuanze na lile mwanafunzi alijualo, ndipo tumpeleke kwenye lile asilolijua. Basi leo tutafanya hivyo. Kila tutakapokuta jambo la Kiyahudi katika maisha ya mtu huyu, tutalipima kwanza na jambo la kwetu.

MSOMAJI KATIKA NCHI YA KABAKA

Kakungulu alizaliwa yapata mwaka 1869 katika Koki, ufalme mdogo uliopakana na Buganda. Akiwa kijana alikwenda Buganda kutafuta maisha, kama vijana wetu waendavyo Mtwara au Dar es Salaam. Hiyo ilikuwa miaka ya Kabaka Mwanga, ambaye jina lake twalisikia kila tarehe 3 Juni tunapowakumbuka Mashahidi waliochomwa moto pale Namugongo mwaka 1886. Kakungulu alikuwa hodari wa kuwinda tembo na hodari wa bunduki, na kwa sifa hizo akapata nafasi ya kumtumikia Kabaka.

Mwaka 1876 Askofu Steere aliwaleta watumwa waliowekwa huru pale Masasi, na Kanisa letu la UMCA likaanza. Mwaka uliofuata, 1877, wamisionari wa kwanza wa CMS wakafika Buganda. Kwa hiyo Kanisa la kwao na la kwetu ni kama ndugu waliopishana mwaka mmoja. Lakini kule Buganda palikuwa na jambo moja la kuangalia sana. Mtu aliyefuata dini aliitwa msomaji. Kuamini na kusoma vilikwenda pamoja, na aliyetaka kumjua Mungu alianza na herufi. Kakungulu akawa msomaji, akabatizwa, akapewa jina la Semei. Tunaomba wasomaji wetu walishike neno hilo, kwa kuwa ndilo lililomwongoza hata mwisho.

Mwaka 1888 Mwanga alipinduliwa, na dini zikageuka kuwa majeshi. Waislamu, Wakatoliki na Waprotestanti wakapigania utawala wa nchi kwa miaka kadhaa, na katika vita hivyo Kakungulu akatokea kuwa jemadari mkubwa wa upande wa Waprotestanti. Januari 1892 Wakatoliki na Waprotestanti walipigana wao kwa wao pale Mengo. Waprotestanti walishinda kwa msaada wa Kapteni Lugard na bunduki za Kampuni ya Waingereza. Twaandika hili kwa huzuni, kwa sababu wote walikuwa wamebatizwa kwa jina moja la Utatu Mtakatifu.

Kakungulu akapewa cheo cha Kimbugwe, mojawapo ya vyeo vikubwa vya Buganda, na akaoa katika ukoo wa kifalme. Lakini juu yake alikuwapo Katikiro Apolo Kagwa, Mwanglikana mwenzake, naye alikuwa mtu wa nguvu vilevile. Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Kakungulu akaondoka makao makuu, akapewa kutawala Bugerere, upande wa mashariki. Aprili 1899 alikuwa miongoni mwa viongozi wa jeshi la Waingereza na Waganda lililowakamata Mwanga mwenyewe, aliyekuwa ameasi, pamoja na Kabalega mfalme wa Bunyoro, huko Lango. Wafalme hao wawili wakapelekwa uhamishoni visiwa vya Shelisheli.

UFALME AMBAO HAKUUPATA

Baada ya hapo Kakungulu alielekeza uso wake Bukedi, nchi za mashariki hata chini ya Mlima Elgon. Alijenga ngome Budaka, akawaweka Waganda wake kuwa watawala wa wenyeji. Hatupendi kumpamba mtu kupita kweli. Wenyeji wale hawakumwita, na waliomkataa walionja risasi zake na kunyang'anywa mifugo. Sisi ambao wazee wetu waliwaona maakida wa Wadachi, na kuuona mwaka 1905 wa Maji Maji, twajua nchi inavyokuwa inapotawaliwa na mgeni aliyetumwa na mgeni mwingine.

Kakungulu aliamini kwamba Sir Harry Johnston, mjumbe mkuu wa Waingereza, alikuwa amemwahidi kuwa Kabaka wa nchi hizo. Ahadi hiyo haikutimia. Mwaka 1902 Waingereza walimwondoa Budaka, wakamwachia ardhi ya maili za mraba 20 karibu na mlima. Hapo akaanza upya. Watu wake wakalima migomba, wakafungua barabara, na mji ukainuka. Mji huo ndio Mbale. Waingereza walipouona kuwa ni mji, wakahamishia hapo makao yao ya wilaya. Mwaka 1906 wakampeleka Jinja kuwa Rais wa Baraza la Busoga, akakaa huko hata mwaka 1913. Aliporudi Mbale alipewa kuwa chifu wa saza tu, naye aliyewakamata wafalme wawili akawa anapokea amri kutoka kwa maofisa vijana katika mji alioujenga mwenyewe.

Wengi wamesema kwamba uchungu huo ndio uliomtoa katika Kanisa la watawala. Hatukatai kwamba uchungu ulikuwapo. Lakini hasira huweza kumtoa mtu mlangoni. Haiwezi kumkalisha mezani miaka kumi akisoma. Kwa hiyo lazima tutazame alisoma nini.

ALIPOSOMA PEKE YAKE

Biblia nzima kwa Kiganda ilikamilika mwaka 1896, kwa kazi ya George Pilkington na wasaidizi wake Waganda. Tangu hapo msomaji wa Buganda hakungojea padre amchagulie sura ya kusoma. Aliweza kuanza Mwanzo na kuendelea hata Ufunuo. Na mtu asomaye hivyo hukutana kwanza na Torati, yaani Mwanzo, Kutoka, Mambo ya Walawi, Hesabu na Kumbukumbu la Torati. Vitabu hivyo vitano ndivyo moyo wa dini ya Kiyahudi. Sisi tunavisoma kama mlango wa kuingilia Injili. Kwa Myahudi ni nyumba yenyewe.

Mwaka 1914 lilitokea Buganda kundi lililojitenga na Kanisa Anglikana, likiongozwa na chifu Joswa Kate Mugema na mwalimu Malaki Musajjakawa. Walichanganya Ukristo na mambo mengi ya Agano la Kale, nao walikataa dawa za madaktari, wakisema Mungu peke yake ndiye mponyaji. Kakungulu alijiunga nao. Katika jambo la dawa twaamini walikosea, kwa maana Mungu aponyaye ndiye aliyempa daktari akili. Lakini jambo la pili lilimtofautisha Kakungulu hata na hao wenzake. Alizidi kusoma, na kila alichosoma aliona lazima kitendwe.

Hapa tunataka kutaja jambo la nyumbani mwetu. Tunaye mdogo wetu, wa tumbo moja na sisi. Miaka michache iliyopita aliacha kuja Misa siku ya Jumapili. Alisema amesoma mwenyewe Kutoka sura ya 20, na ameona kwamba siku ya Bwana ni ya saba, wala hakuona mahali ilipobadilishwa. Sisi, kaka yake na tena mwalimu, hatukumuuliza amesoma nini na ameelewaje. Tulimwita mwasi mbele ya watu. Miaka miwili hatukula nyumbani kwake, na hata msiba wa shangazi yetu ulipotukutanisha, tulikaa mikeka mbalimbali. Tulipoyasoma maisha ya Kakungulu tulimkuta mdogo wetu ndani yake, na hiyo ndiyo sababu ya pili ya kuandika habari hizi.

TOHARA YA MWAKA 1919

Katika Mwanzo sura ya 17 Mungu anamwagiza Ibrahimu amtahiri kila mwanamume wa nyumba yake, na mtoto atahiriwe akiwa na umri wa siku nane. Watu wa huku kwetu hawahitaji kuelezwa tohara ni nini. Wayao, Wamakua na Wamakonde wote wana jando, na Askofu Vincent Lucas, aliyekuwa Askofu wa kwanza wa Masasi tangu 1926, hata kabla ya uaskofu wake alikuwa ameanza kuiingiza jando ndani ya Kanisa, ili mtoto wa Mkristo awe mtu mzima wa kabila lake bila kumwacha Kristo. Wagisu wanaoishi kuzunguka Mbale nao wana jando yao, iitwayo imbalu, ambayo hufanywa kila mwaka usiogawanyika kwa baki, kama 2022 na 2024.

Lakini tuangalie tofauti. Jando yetu humtoa mvulana utotoni na kumweka kati ya watu wazima. Tohara ya Kiyahudi hufanywa kwa mtoto mchanga asiyejua lolote, kwa kuwa si alama ya ukubwa. Ni alama ya agano. Mtoto hupokelewa ndani ya ahadi kabla hajaweza kuiomba, karibu kama sisi tunavyowaleta watoto wachanga kwenye birika la ubatizo.

Kakungulu alikuwa Mganda, na Waganda hawakuwa na desturi ya kutahiri. Mwaka 1919, akiwa na umri wa miaka 50 hivi, alitahiriwa, na wanawe pia. Inasimuliwa kwamba wenzake wa kundi la Malaki walimkemea, wakamwambia kwamba tohara ni ya Wayahudi, watu waliomkataa Kristo. Naye akawajibu kwamba ikiwa ndivyo, basi tangu siku hiyo yeye na watu wake ni Wayahudi. Akajitenga nao, akakaa Gangama, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, akaanzisha jumuiya ya Wayahudi wamtumainio Mungu.

Wengine hudhani kwamba aliyafanya haya kwa sababu Waingereza walitaka kuwaleta Wayahudi Uganda. Ni kweli kwamba mwaka 1903 serikali ya Uingereza iliwapa viongozi wa Wayahudi wa Ulaya wazo la kukaa Afrika Mashariki, lakini nchi iliyotajwa ilikuwa Uasin Gishu, ambayo leo iko Kenya, nao walilikataa mwaka 1905. Kakungulu hakuletewa dini hiyo na mtu yeyote. Hapakuwa na mmisionari wa Kiyahudi Mbale. Aliipata katika Kitabu.

Na hapo ndipo sisi walimu tunapoona shida yake. Kitabu kilimwambia mambo mengi, lakini hakikumwambia Wayahudi walifanya nini baada ya Kitabu kufungwa. Asomaye Mambo ya Walawi peke yake hukuta dhabihu za ng'ombe na kondoo, wala hawezi kujua kwamba dhabihu hizo zilikoma mwaka 70 Warumi walipolibomoa Hekalu la Yerusalemu. Hawezi kujua kwamba tangu hapo sala imeshika mahali pa dhabihu, na sinagogi mahali pa Hekalu. Hajui kwamba marabi, yaani walimu wao, walikusanya maelezo ya sheria kizazi hata kizazi katika vitabu vikubwa viitwavyo Talmudi, na kwamba Myahudi husoma Torati pamoja na maelezo hayo. Ndiyo maana watu wa Kakungulu, ingawa walijiita Wayahudi, bado walikuwa wakibatiza na kutumia sala za Kikristo. Walitembea njiani bila kiongozi wa njia.

MWALIMU AITWAYE YOSEFU

Mwaka 1920 akafika kwake Myahudi mmoja aliyeitwa Yosefu. Alikaa naye yapata miezi sita, akawafundisha yeye na watu wake misingi ya dini ya Kiyahudi. Tuitaje misingi hiyo kwa ufupi, ili kijana wetu aliyeuliza apate jibu lake kamili.

Kwanza ni Sabato. Siku ya Kiyahudi huanza jua linapotua, kama vile siku ya Kiswahili inavyohesabiwa, maana nasi husema usiku wa Jumamosi kwa usiku unaotangulia Jumamosi. Kwa hiyo Sabato huanza Ijumaa jua linapokuchwa na kwisha Jumamosi jioni. Kazi zote huachwa, hata kuwasha moto, na chakula huwa kimepikwa kabla. Katika nyumba taa huwashwa mapema, na mkate na divai hubarikiwa mezani.

Pili ni kalenda. Sote tunaona jinsi Ramadhani ya majirani zetu Waislamu inavyozunguka mwaka mzima, mara wakati wa mvua, mara wakati wa korosho, kwa sababu mwaka wa mwezi una siku 354 tu. Wayahudi nao huhesabu kwa mwezi, lakini Torati imeiweka Pasaka katika majira maalumu ya mavuno ya kwanza. Basi katika kila miaka 19 huongeza mwezi wa kumi na tatu mara saba, na hivyo Pasaka hairuki majira yake. Nasi Pasaka yetu husogea kila mwaka, lakini hubaki kati ya Machi na Aprili, na asili yake ni hesabu iyo hiyo ya mwezi.

Tatu ni sikukuu. Katika Pasaka hukumbuka kutoka Misri, nao hula mikate isiyotiwa chachu na kuwasimulia watoto habari hizo usiku. Siku 50 baadaye ni Sikukuu ya Majuma, ambayo sisi tunaijua kwa jina la Pentekoste, nao hukumbuka kupewa Torati. Mwanzo wa mwaka wao huangukia Septemba au Oktoba, na siku ya kumi ya mwaka huo huja Siku ya Upatanisho, ambapo hufunga kula na kunywa tangu jioni hata jioni. Kisha huja Sikukuu ya Vibanda, ambapo hula katika vibanda vya matawi, kama vile vyetu vya kulinda shamba, ili wasisahau kukaa jangwani.

Nne ni vyakula. Hapa kijijini mnyama wa sherehe huchinjwa na Mwislamu, ili majirani wote wapate kula, kwa hiyo tunajua kwamba nyama si nyama tu, bali namna ya kuchinja ni neno pia. Myahudi hula nyama ya mnyama mwenye kwato zilizopasuka na anayecheua. Nguruwe ana kwato zilizopasuka lakini hacheui, kwa hiyo haliwi. Mchinjaji lazima awe amefundishwa, na damu hutolewa yote. Tena hawachanganyi nyama na maziwa katika mlo mmoja, kwa sababu Torati imekataza kumtokosa mwana-mbuzi katika maziwa ya mama yake.

Tano ni lugha. Wayahudi husali kwa Kiebrania, lugha ya Agano la Kale, inayoandikwa kutoka kuume kwenda kushoto. Yosefu alianza kuwafundisha herufi zake.

Ndugu, tulitazame jambo hili kwa macho ya mwalimu. Jemadari wa miaka 50 na zaidi, mtu aliyewahi kuongoza maelfu ya askari, alikubali kurudi kwenye herufi ya kwanza kama mtoto wa darasa la kwanza. Alikubali pia kuambiwa kwamba baadhi ya mambo aliyokuwa ameyafundisha si sawa. Aliacha ubatizo na sala za Kikristo, akayashika aliyofundishwa. Tumefundisha watu wazima katika maisha yetu, na twajua kwamba mtu mkubwa haoni taabu kujifunza jipya. Taabu yake ni kusahihishwa mbele ya wale waliozoea kumtii.

Yosefu alipoondoka, Kakungulu hakukaa na elimu ile peke yake. Alianzisha mafundisho kwa vijana wa jumuiya, na mwaka 1922 alitoa kitabu kwa Kiganda, chenye kurasa 90 hivi, kuwaongoza watu wake katika sala na sheria. Mtu aliyejulikana kwa bunduki alimaliza maisha yake akiandika kitabu cha shule.

Alifariki tarehe 24 Novemba 1928, akazikwa Gangama.

WALIOBAKI NYUMA

Baada ya kifo chake jumuiya ilipungua. Wengine walirudi Kanisani, wengine wakawa Waislamu. Waliobaki waliongozwa na Samson Mugombe, wakaishi bila rabi na kwa vitabu vichache, wakiishika Sabato yao kwenye vilima vya Mbale.

Katika miaka ya 1970 Rais Idi Amin alipiga marufuku dini yao. Masinagogi yakafungwa, na waliotaka kusali walisali kwa siri ndani ya nyumba. Inakadiriwa kwamba jumuiya iliyokuwa na watu 3,000 hivi ilibaki na watu 300 tu. Mkono uo huo ndio uliomuua Askofu Mkuu wetu Janani Luwum, Februari 1977. Basi Mwanglikana wa Uganda na Myahudi wa Uganda walilia chini ya mtesi mmoja.

Na mwisho wake watu wa kwetu wanaukumbuka, maana vijana wa vijiji vyetu walikwenda katika vita ile ya Kagera. Kampala iliangukia mikononi mwa jeshi la Tanzania na Waganda waliokuwa pamoja nalo tarehe 11 Aprili 1979. Kwetu ilikuwa Jumatano ya Juma Kuu. Kwa Wayahudi, jioni ya siku hiyo hiyo ilikuwa mwanzo wa Pasaka, sikukuu ya kutoka utumwani. Wale Abayudaya 300 waliila Pasaka hiyo wakijua wanachokisimulia.

Tangu hapo wameongezeka tena. Mwaka 2002 marabi kutoka ng'ambo waliwapokea rasmi watu 400 hivi katika dini ya Kiyahudi. Mmoja wao, Gershom Sizomu, alisoma Marekani, akawekwa kuwa rabi mwaka 2008, na mwaka 2016 alichaguliwa kuwa Mbunge wa Uganda. Sinagogi lao kubwa liko katika kilima cha Nabugoye, karibu na Mbale. Hatimaye watu wa Kakungulu walipata mwalimu aliyetoka miongoni mwao.

TUJIFUNZE NINI

Hatuandiki ili mtu aliache Kanisa. Sisi tunaamini kwamba Torati na Manabii vimetimia katika Kristo, nasi tutakufa katika imani hiyo. Lakini Bwana wetu mwenyewe alitahiriwa siku ya nane, akaingia katika sinagogi siku ya Sabato kama ilivyokuwa desturi yake, akaila Pasaka pamoja na wanafunzi. Mkristo asiyejua misingi ya dini ya Kiyahudi husoma Injili kama mtu asikilizaye mazungumzo kutoka nje ya ukuta.

Jambo la pili ni hili. Kakungulu alipokuwa katika Kanisa letu, alikuwapo mtu wa kumpa bunduki, na mtu wa kumpa cheo, na mtu wa kumnyang'anya cheo. Katika habari zake zote hatujaona mtu wa Kanisa aliyeketi naye miezi sita na Kitabu wazi katikati yao. Aliyeketi naye alikuwa mgeni, naye mgeni huyo ndiye aliyempata. Vijana wetu wanasoma. Wanasoma usiku, wanasoma peke yao, na maswali yao ni ya kweli. Tukiwajibu kwa ukali, wataendelea kusoma, lakini watakwenda kuulizia kwingine.

Sisi wenyewe tumelipa somo hili. Ijumaa moja baada ya Pasaka tulichukua kuku na unga, tukaenda kwa mdogo wetu kabla jua halijatua, maana tulijua sasa kwamba baada ya hapo hataki kuwasha moto. Mkewe alipika upesi. Tulikula pamoja. Kisha tulimwomba msamaha kwa neno la mwasi, tukamwomba alete Biblia yake na kutuonyesha alichosoma. Hatukukubaliana, wala hatujakubaliana hata leo. Lakini Ijumaa inayofuata tumealikwa tena, nasi tutakwenda na Biblia yetu.

Mungu atupe sote macho ya kusoma, masikio ya kufundishwa, na subira kwa ndugu zetu. Amina.